Zuhura, nichagulie bahari

Dodoma, Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Hujambo wewe, shemeji hajambo, na Bi Kidawa na magoti yake wanaendeleaje? Sisi wazima, vumbi letu ni lile lile. Najua salamu hizi unazisoma umebinya midomo: mtu kakaa kimya toka Idi ya mwaka jana, leo anaibuka na barua ndefu kama ya posa. Una haki. Nitakueleza, ila kwanza nitoe shida yangu, maana nikianza na maelezo sitafika.

Shule zinafungwa mwanzoni mwa Juni na Baba Nasra kapata likizo ya siku kumi, ya kwanza tangu Hamadi azaliwe. Ameapa lazima watoto waijue Unguja. Nasra ana miaka sita sasa, Hamadi katimiza mitatu, na Rukia naye kasikia habari, anataka kutubebesha Shabani wake, yule yule wa kupanda makabati. Watatu, Zuhura. Mikono ninayo miwili.

Kwenda hatugombani. Tunagombania wapi. Baba Nasra kaoneshwa picha na wenzake wa ofisini, basi hasikii lingine: Kendwa. Kama si Kendwa basi Nungwi. Maji ya buluu, jua linazama mbele yako, muziki, samaki wa kuchoma. Bei ya chumba kwa usiku mmoja nilipoiona nikadhani ni ya wiki. Mimi nimeona nyumba ya kupanga Jambiani, vyumba viwili na jiko, tunajipikia wenyewe, mwenye nyumba anataka malipo ya awali kabla ya Ijumaa. Ijumaa hii. Ndiyo maana nakuandikia usiku huu, taa yenyewe inawaka inazima.

Nimemwambia Jambiani maji hukauka, bahari inarudi nyuma mpaka kule kwenye mwamba, watoto wanacheza kwenye vidimbwi. Akacheka mpaka akakohoa. "Yaani nibebe mizigo, nipande treni, nipande boti, nikaangalie mchanga mkavu? Mchanga hata Msalato upo." Yeye mtu wa Iramba bwana, maji anayoyajua ni ya Ziwa Kitangiri, ukiyaacha asubuhi jioni unayakuta. Nilijaribu kumweleza kupwa na kujaa, kwamba kwa siku bahari inakwenda mara mbili na kurudi mara mbili, na kila siku inachelewa kama dakika hamsini kuliko jana yake. Akaniuliza nani kaiwekea saa.

Lakini nikuambie kwa nini nimeshikilia Jambiani. Kule Nungwi na Kendwa sifa yao ni kwamba maji hayaendi mbali, saa yoyote unaingia. Kwa watu wazima hiyo ni raha. Kwangu mimi, maji ya saa zote ni ulinzi wa saa zote. Na ukiingia hatua chache kina kinashuka, halafu kuna boti za kupeleka wageni kisiwa cha Mnemba, zinakuja ufukweni na injini zao hapo hapo watu wanapooga. Nitakaa wapi mimi, nitakula saa ngapi? Bahari inayokauka inanipa angalau saa tatu nne za kupumua.

Unakumbuka mwaka ule tulipokuja arusi ya Mwanahamisi, Bi Kidawa akatukalisha uani anapukuchua mahindi, akatuhesabia mwezi? Alisema mwezi moja na mwezi kumi na tano, na siku mbili tatu zinazofuata, ndiyo bamvua: saa nne saa tano asubuhi bahari kavu, wanawake wanashuka kwenye mwani, na ikifika saa kumi jioni maji yamejaa mpaka kwenye mizizi ya minazi. Mwezi nane na mwezi ishirini na mbili ni maji mafu, hayajai sana wala hayakauki sana, na saa zenyewe zinageuka, asubuhi ndiyo yamejaa. Sisi tulikuwa tunacheka tu. Leo nimekaa na kalenda ya msikitini na penseli kama mganga, nahesabu siku za likizo ya mume wangu zinaangukia mwezi ngapi. Nikipata siku za bamvua, asubuhi baada ya chai nawashusha watoto kwenye vidimbwi, maji ya magotini, ya uvuguvugu, wakamate kaa na vikonokono, saa saba wamelala, jioni maji yakijaa tunayaangalia kutoka barazani. Nikikosa, mipango yote imepinduka.

Najua na Jambiani ina yake, usinifanye mgeni. Wale wanyama weusi wenye miiba kama nungunungu wamejaa kwenye mawe, na Hamadi viatu anavivua hata ukivifunga kwa kamba. Vijiti na kamba za mwani nazo, watoto wakizikanyaga tunaharibu kazi ya watu. Na kubwa kuliko yote, maji yanaporudi hayaji kwa mstari mmoja kama pazia. Yanapita kwanza kwenye mikondo, yanazunguka nyuma yako, unashtukia umesimama kwenye fungu la mchanga na pande zote maji. Mtu mzima anavuka anacheka. Mtoto wa miaka mitatu hapana.

Halafu Juni ni kusi. Upepo wote unakuja upande ule wa mashariki, iliko Jambiani. Kifua cha Hamadi unakijua. Jirani yangu aliyekwenda Paje mwezi wa saba aliniambia mchanga ulikuwa unawapiga usoni, na wazungu wanaburuzwa juu ya maji na tiara zao, zile kamba zinapita kichwani kama wembe. Paje nimeifuta kabisa. Ndipo mtu akanitajia Michamvi, upande wa Kae, ule unaotazama ghuba ya Chwaka, kwamba rasi inaukinga upepo wa kusi na maji yametulia kama ya beseni. Sijawahi kufika huko. Na kule ni mbali na hospitali, mbali na duka, mbali na kila kitu. Jambiani ukipatwa na jambo unakimbilia Makunduchi. Kwa hiyo najikuta nimerudi pale pale.

Njia haina neno sana. Tangu treni ya umeme ianze 2024, Dodoma mpaka Dar watoto wanakula, wanalala, wamefika. Shida ni boti. Saa mbili za mkondo wakati wa kusi, na Hamadi hutapika hata kwenye bajaji. Nimenunua mifuko na ndimu. Kwenu mnampa nini mtoto? Tangawizi? Bi Kidawa lazima ana dawa yake.

Sasa lile la ukimya.

Idi ya mwaka jana tulikuwa Dar kwa shemeji yangu, tukaenda kuogelea. Ufukwe gani sitautaja, kosa si la ufukwe. Mnajua siku ya Idi kunavyokuwa, watu kama siafu, ngoma, mihogo, mishikaki. Kuna vijana wanakodisha tyubu za magari, nikamkodia Hamadi moja. Maji yenyewe hayakunifika magotini. Nikawa nimekaa pale pale ukingoni, dera limelowa, Nasra anachimba mchanga pembeni, Baba Nasra kaenda kufuata samaki. Nikainama kidogo. Kidogo tu, Zuhura. Nilipoinua kichwa tyubu iko pale pale, inaelea, ila badala ya kichwa nikaona nyayo. Nyayo mbili ndogo, nyeupe, zimeelekea juu, na kwenye kisigino kimoja kuna kipande cha jani la mwani kimenata. Wala hazikurusha maji. Wala hakukuwa na sauti. Mimi maisha yangu yote nilidhani mtu akizama hupiga kelele, hurusha mikono, watu wakasikia. Hakuna. Kimya kama mtoto aliyelala.

Nilisimama lakini miguu haikwenda. Kijana muuza mihogo ndiye aliyetupa sinia lake akamgeuza. Alikohoa, akatapika maji, akalia, nikamshukuru Mungu kwa kile kilio kuliko nilivyoshukuru siku aliyozaliwa. Yule kijana mihogo yake yote ilikuwa inaelea, watu wakawa wanacheka, hawakujua. Nikampa hela yote niliyokuwa nayo mkobani, akahesabu ya mihogo, nyingine akanirudishia.

Baba Nasra aliporudi na samaki nilimwambia Hamadi kanywa maji kidogo. Mpaka leo anajua hivyo.

Na nilichoinamia ni simu. Nilikuwa nakujibu wewe. Ule ujumbe wako wa sauti kuhusu mume wa Mwanahamisi, nilikuwa naandika jibu, nimefika kwenye "weee!" Jibu lenyewe sikulituma, bado lipo. Sikulaumu hata chembe, naomba uniamini hapo. Lakini kila jina lako lilipotokea kwenye simu, niliona zile nyayo. Nikawa nasema nitamjibu kesho. Kesho zikawa mwaka.

Basi ndiyo maana sitaki Kendwa, na siwezi kumwambia Baba Nasra kwa nini sitaki Kendwa. Yeye anadhani nabania pesa. Na mimi, mtoto wa Tanga, Raskazone unaiona kwa macho kutoka kwetu, miaka yote ile tuliishia kulowesha miguu na kula maembe. Kuogelea sijui. Mtu wa Iramba ndiye anayejua, alijifunzia ziwani. Ukimwambia mtu anakataa. Rukia kaninunulia maboya yale ya kuvalisha mikononi, ya rangi ya chungwa, nimeyaficha juu ya kabati. Mtoto akivaa yale mimi nitajiona nimemaliza kazi, nitainama tena.

Kwa hiyo naomba msaada wako, na ukiweza kabla ya Alhamisi. Shuka Jambiani. Nauli nitakurushia, usijifanye huitaki. Hiyo nyumba iko upande wa kusini wa kijiji, namba ya mwenye nyumba nakutumia. Usitazame vitanda wala usitazame friji. Tazama mlango wa uani unaofungukia pwani: una komeo? Liko juu au chini? Kisha naomba uchuchumae, najua magoti yako yanakaribia ya Bi Kidawa, uchuchumae uwe kimo cha Hamadi, uone kutoka pale anaona nini. Anaona maji? Anaona njia? Kwa picha wamejitahidi sana kupiga anga. Nimeona pia kona ya kitu cha buluu kwenye picha moja, kama bwawa la kuogelea la jirani. Kama ni bwawa, lina uzio? Kama halina uzio niambie tu "halina", nitajua la kufanya.

Ukiwa na nguvu, fika na Michamvi. Kama huna, uliza wanaotoka huko wanaokuja sokoni Mwanakwerekwe.

Mengine hata sijui niyaulize vipi. Mwezi utaandama lini, kwa hesabu za Bi Kidawa, maana ya kwangu siiamini? Hivi vidimbwi vya Jambiani wakati wa kusi vina maji safi au vinajaa mwani uliooza? Kuna kijana wa kijijini, mtu mzima kidogo, anayejua bahari, tunayeweza kumlipa akae nasi asubuhi tu? Nivae nini nikiingia na watoto, kwenu pale dera si tatizo lakini likilowa linanivuta chini, wanawake wa mwani wenyewe wanavaa nini? Na wewe ungekuwa mimi ungemwambia mume wako? Au lishapita lipite? Je, utakuja kulala nasi japo siku mbili, uniachie shemeji na Bi Kidawa? Ukija tutakuwa na macho manne, na simu zote mbili tutazifungia chumbani.

Na lile jibu bado ulitaka? Ya mume wa Mwanahamisi nasikia yamekuwa makubwa zaidi. Nitakusimulia tukionana, si kwa maandishi.

Watoto wanakusalimu. Nasra anauliza kama kaa wa Unguja wanauma kuliko wa Dar.

Wako,
Pili

Ukimkuta mwenye nyumba, usimwambie tumetoka Dodoma, atapandisha bei akidhani sisi ni wabunge.