Sambusa za Kuchemsha

Chicago, Jumapili usiku

Mwanangu Neema,

Marahaba. Umeuliza kama baba bado anakula mkate na mayai kila siku. Jana hapana.

Basi langu la kazini hupita barabara ya Milwaukee, ambako madukani kumeandikwa Kipolandi, herufi zina mikia na nukta hata usijue pa kuanzia. Jana theluji ilinikuta kituoni, nikajitupa kwenye mgahawa wao uliokuwa karibu. Menyu sikuambulia kitu. Nikamwambia mama mhudumu nina njaa, basi. Akacheka, akaondoka na menyu yake.

Akaanza na supu, inaitwa żurek. Kijiko cha kwanza nilikirudisha, nikajua imeharibika. Kumbe ndiyo ladha yake! Unga wa rai, nafaka inayofanana na ngano, wanauloweka siku kadhaa mpaka uchachuke, kama bibi anavyolaza unga wa uji. Ndani mna yai la kuchemsha na soseji nyeupe. (Hapa usimsomee mama yako, Msabato wetu: soseji ile ni kitimoto.) Nilimaliza kwa kufuta bakuli na mkate.

Kisha pierogi. Fikiria sambusa iliyochemshwa badala ya kukaangwa, umbo la nusu mwezi, ndani viazi vya kuponda na jibini nyeupe, juu vitunguu vya kukaanga. Kingo zimebanwa kwa mkono. Kwenye moja niliona kabisa alama ya kidole gumba. Nikaishika kama sambusa, siagi ikachuruzika mpaka ndani ya mkono wa koti. Yule mama akasogeza uma karibu yangu, kimya. Nilipoomba pilipili akaniletea pilipili manga. Nilisikitika kidogo.

Wakati wa kompot, yale maji matamu ya matunda yaliyochemshwa, nikamwambia kwetu Tengeru, karibu na Arusha, Tanzania, kuna makaburi ya Wapolandi. Akadhani nimekosea nchi. Nikamweleza tulivyosimuliwa: wakati wa vita kuu ya pili Warusi waliwahamisha kwa nguvu mpaka Siberia, baadaye wakatokea Iran, na kuanzia 1942 wapatao elfu tano, wengi kina mama na watoto, wakaishi kambini pale kwetu. Akakaa kwenye kiti cha mbele yangu, na wateja wanamsubiri. Akanipa karatasi ya oda niandike jina la mahali. TENGERU, kwa herufi kubwa. Akaikunja, akaitia mfukoni mwa aproni.

Sasa nakutuma. Jumamosi mwombe mjomba akupeleke makaburini, mbishe hodi kwa mtunzaji, unakili majina matano ya kwenye mawe. Yaandike yalivyo, na mikia yake yote, usiache hata nukta. Nitampelekea.

Msalimie bibi.

Baba yako