Kabla ya kumlaumu dereva, ulizeni habari za hewa

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi wa bodi za magari na msomaji wa kurasa zenu za michezo, hasa habari za mbio za magari za Formula One. Juzi mchambuzi wenu aliandika kuwa dereva mmoja alikosa ujasiri kwa kutomkaribia mwenzake kwenye kona ndefu. Naomba nafasi nimtetee.

Gari la mashindano hugandamizwa barabarani na hewa. Mabawa yake yanafanya kazi kama ya ndege yaliyopinduliwa, na uvungu umechongwa ili hewa ipite chini kwa kasi na kulivuta gari. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu hiyo huongezeka mara nne. Ndiyo maana dereva hukanyaga breki kwa nguvu zote akiwa kasi, kisha huilegeza kidogo kidogo kadiri mwendo unavyoshuka. Asipofanya hivyo tairi zitajifunga.

Sasa, anayefuata kwa karibu hupata hewa iliyokwisha kuvurugwa na gari la mbele. Bawa lake la mbele linapungukiwa nguvu. Anakata usukani, lakini pua ya gari inakwenda nje ya kona, na tairi za mbele zinaburuzika hadi zinachemka. Aking'ang'ania, baada ya mizunguko michache hana tairi. Kuacha nafasi pale ni akili. Akifika kwenye mnyoofu, yaani sehemu isiyo na kona, kumfuata mwenzake kunamfaa, maana aliye mbele anampasulia upepo.

Mwaka 1971 Dan Gurney, Mmarekani mwenye timu ya mashindano, alifunga kipande chembamba cha bati, kikiwa kimesimama, kwenye ukingo wa nyuma wa bawa la gari lake la mashindano. Kwenye majaribio saa haikuonyesha nafuu yoyote. Lakini dereva wake, Bobby Unser, alimweleza pembeni kwamba nyuma imeshika mno hadi mbele ndiko kunakoteleza. Walipoongeza nguvu ya bawa la mbele, gari likawa na kasi. Sisi tunaokunja bati tunakielewa kisa hicho vizuri: kushika sana upande mmoja hakusaidii kitu kama upande wa pili hauwezi kufuata.

Uvungu nao una hila zake. Gari la Lotus 79 lilimpa dereva Mario Andretti ubingwa wa Formula One mwaka 1978 kwa uvungu uliozibwa pembeni, hewa isipenye. Kanuni za 2022 ziliporudisha uvungu unaolivuta gari chini kwa nguvu, magari kadhaa yalianza kurukaruka kwenye mnyoofu: yanavutwa chini hadi hewa inakosa njia, mvuto unakatika, yanainuka, yanavutwa tena. Timu zikalazimika kuyanyanyua, na kila milimita iliyoongezwa ilipunguza mshiko.

Ombi langu ni dogo. Mnaporipoti mashindano, tuambieni kila timu ilisimamisha bawa lake kiasi gani. Kwenye barabara ya Monza, yenye minyoofu mirefu, hulazwa hadi karibu kuwa bapa; Monaco, penye kona nyingi, husimamishwa. Gari likipitwa kwenye mnyoofu, msikimbilie kuandika kwamba injini ni dhaifu. Huenda fundi wake alichagua bawa lililosimama zaidi, linalopunguza kasi kwenye mnyoofu, ili apate muda kwenye kona. Tazameni muda wa kila kipande cha mzunguko, utawaonyesha alichokipata huko.

Wenu,
Fundi wa bodi