Asante mzee wa chokaa, Mji Mkongwe

Jamani yule fundi mzee wa kwenye semina ya wasanifu majengo Zanzibar, jina sikulipata ila shikamoo na asante sana. Slaidi zilikuwa nzuri lakini wewe ndo ulotutoa nje ukatuonyesha ukuta wa mawe ya matumbawe uliopigwa plasta ya saruji, yaani unyevu unapanda toka chini unakosa pa kutokea, chumvi inasukuma plasta inabanduka, na ncha za boriti za mikoko zinaoza humo humo ukutani. Plasta ya chokaa inapumua, yaani inaachia unyevu utoke, ila ukipaka rangi ya mafuta juu yake ushaiziba tena!! Hili chuo sikufundishwa kabisa. Sasa mteja wa nyumba ya zamani aking'ang'ania saruji namweleza vile vile ulivyotueleza. Mungu akupe afya mzee wangu.