Maoni ya katiba tulishatoa, msianze kutuuliza upya

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mi ni mkulima wa zabibu huku Chamwino na hili la katiba linanikera muda mrefu.

Mwaka 2012 Tume ya Jaji Warioba ilivyopita mkoani kwetu kukusanya maoni ya katiba mpya tulikaa chini ya mbuyu toka asubuhi, na baba yangu alikuja na fimbo yake akapanga foleni kama wengine, zamu yake ilipofika akashika maiki akasema anataka mbunge akishindwa kazi wananchi tumtoe hata kabla ya miaka mitano. Hakurudi kukaa mpaka yule kijana aliyekuwa anaandika alipomsomea alichoandika, nilikuwepo. Na kwenye rasimu ya Tume ile haki ya kumwondoa mbunge ilikuwemo, pamoja na ukomo wa vipindi vitatu!

Halafu 2014 likaja Bunge Maalum la kuijadili ile rasimu hapahapa Dodoma, posho laki tatu kwa siku. Aprili UKAWA, ule umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka nje wakitetea serikali tatu za kwenye rasimu (ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar), waliobaki wakaendelea hadi Oktoba 2 wakaipitisha Katiba Inayopendekezwa, serikali tatu hamna, na kile kipengele cha mbunge nacho hamna, ukomo pia wameutoa. Watu wanabishana sana habari ya serikali mbili au tatu, sawa, ila mi hili la mbunge ndo limeniuma zaidi maana wajumbe wengi mle ndani walikuwa wabunge na wawakilishi wa kule Zanzibar, wale wengine walioteuliwa walikuwa 201 tu. Sasa kesi ya ngedere hakimu nyani, ulitegemea nini?

Kura ya maoni ilipangwa Aprili 30, 2015 ikaahirishwa, haijapigwa mpaka leo, bado tuko na katiba ya 1977.

Ombi langu kwa wakubwa, mchakato ukirudi msituletee tume nyingine ya kuuliza wananchi wanataka nini. Chukueni rasimu ya Warioba muanzie hapo, na safari hii wabunge wasiwe wengi kwenye chombo cha kuijadili, mambo yanayowahusu wao wajadiliwe na watu wengine.

Baba bado yupo, macho ndo yamepungua nguvu, ila redio ikitaja tu katiba ananiita nimwongezee sauti.

Mkulima wa zabibu,
Chamwino, Dodoma