Sauti ya ibada imtoshe aliyekuja kuabudu

Mhariri,

Mjadala wa kelele za nyumba za ibada ukizuka, watu hugawanyika upesi: huku wanaosema dini inaonewa, kule wanaosema dini imezidi. Swali ambalo fundi mitambo angeanza nalo huwa haliulizwi. Sauti ile inayomwamsha mgonjwa nyumba ya nne inamfaa nani? Ukiufuata waya mpaka mwisho utakuta mara nyingi haimfai mtu yeyote, na waumini walioketi ndani nao wanauliza jirani, "Amesema nini?"

Kanuni za kudhibiti kelele za Kenya za mwaka 2009 zinaruhusu desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 40 mchana na 35 usiku katika eneo la ibada. Kwenye makazi, nje ya nyumba, ni 50 mchana na 35 usiku, na usiku wenyewe huhesabiwa tangu saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Desibeli 35 ni kidogo mno. Feni ya dari peke yake inaweza kuzipita. Anayedhani mkesha wa hemani wenye spika mbili kubwa utatoshea humo anajidanganya. Wanaotaja Ibara ya 32 ya Katiba inayolinda uhuru wa kuabudu wasiiruke Ibara ya 42 inayompa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Zote mbili zimo katika sura moja.

Sasa tupige hesabu. Chukua honi, yaani spika ya umbo la tarumbeta, ya kawaida ya mnarani au ya juu ya paa, inayotoa desibeli 116 ukiipima mita 1 mbele yake. Mahali pa wazi, kila umbali ukiongezeka maradufu sauti hupungua desibeli 6 hivi. Mita 2 ni 110, mita 4 ni 104, mita 64 ni 80. Mita 128, yaani mtaa wa pili, bado ni 74. Jirani huyo usiku ana kiwango cha 35. Ndiyo maana kuishusha volyumu "kidogo" baada ya malalamiko hakumridhishi mtu: ukipunguza nguvu ya amplifaya kwa nusu unashusha desibeli 3 tu, na sikio halioni tofauti ya maana. Ili sauti isikike kama imepungua nusu inabidi ishuke desibeli 10 hivi, yaani ibaki na sehemu moja ya kumi ya nguvu.

Kazi yenyewe si ngumu. Honi nyingi za misikitini na makanisani huendeshwa kwa laini ya volti 100, na nyuma ya kila moja kuna trafo yenye nyaya za kuchagua: wati 30, 15 au 7.5. Kuuhamisha waya kutoka 30 kwenda 7.5 hushusha desibeli 6 bila kununua kitu. Kisha itazame shingo ya honi. Iliyofungwa mlalo kabisa hutupa sauti mbali juu ya mapaa ya jirani na kuwapita wanaokaa chini yake. Ielekezwe chini, kwenye ua wa nyumba ya ibada. Inayotazama hospitali, shule au dirisha la mtu aliye mita 20 ifunguliwe ipelekwe upande mwingine. Dakika arobaini, ngazi na spana.

Kwa adhana haki itendeke. Adhana moja huchukua kama dakika 4, kwa hiyo tano ni dakika 20 kwa siku nzima, na waliozaliwa Mji wa Kale wa Mombasa huigeuza saa ya ukutani. Malalamiko mengi huanza pale honi za nje zinapoachwa wazi kabla na baada yake kwa kisomo, darasa au kaswida. Mwaka 2021 Saudi Arabia, nchi ambayo hakuna atakayeishuku kwa kuchukia adhana, iliagiza vipaza sauti vya nje vitumike kwa adhana na iqama (mwito wa pili unaoanzisha swala) tu, na visizidi theluthi moja ya nguvu zake. Mtume mwenyewe, katika Hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, aliwakataza waliokuwa wakisoma kwa sauti msikitini wasiudhiane, kwa kuwa kila mmoja wao anazungumza na Mola wake. Kama msomaji aliye ndani ya msikiti anaambiwa hivyo, aliyelala nje na mtoto mchanga ana haki zaidi. Kwa fundi hili linahitaji swichi moja: laini ya honi za nje itenganishwe na laini ya spika za ndani. Misikiti mingi ina amplifaya yenye matundu ya kutosha, ila nyaya zote zimepachikwa pamoja.

Makanisani, hasa ya mabati, ugonjwa ni mwingine. Paa la bati, sakafu ya vigae, ukuta wa plasta na madirisha ya vioo havimezi sauti hata chembe. Neno moja hurudirudi kwa sekunde mbili au tatu, na kabla halijafa mhubiri keshatamka mengine sita. Fundi akiambiwa "hatusikii" huongeza volyumu, nao mwangwi huongezeka kwa kiasi kilekile, hivyo uwiano wa neno na mwangwi unabaki palepale na kinachozidi ni kelele ya nje. Hapo ndipo pesa nyingi za sadaka hupotelea: kanisa hununua spika kubwa zaidi kutibu ugonjwa ulioletwa na ukuta. Mapazia mazito ukuta wa nyuma, zulia madhabahuni na dari ya mbao laini au jipsamu yenye vitundu vitaleta nafuu kuliko spika mpya. Watu nao humeza sauti, na ndiyo sababu mitambo iliyopimwa Jumamosi ukumbi ukiwa mtupu hudanganya Jumapili.

Spika kubwa mbili mbele huwaumiza wa safu ya kwanza ili wa nyuma wasikie. Ukumbi wa mita 30 ni afadhali ziongezwe mbili ndogo katikati, zikiinamia watu, zenye kuchelewesha sauti. Sauti hutumia milisekunde 3 hivi kwa kila mita, basi zilizo mita 15 mbele ya zile kuu zicheleweshwe 45, na ukiongeza kama 10 juu yake sikio litaamini mhubiri bado yuko mbele. Usipochelewesha utakuwa umetengeneza mwangwi kwa mkono wako mwenyewe.

Maikrofoni pia ina lawama zake. Mhubiri akikiziba kichwa cha maikrofoni kwa kiganja, kama waimbaji wa video wanavyofanya, anaiharibu njia yake ya kukataa sauti za pembeni, inaanza kupiga mluzi, na fundi anakimbilia ikwalaiza (kirekebisha sauti za juu na chini) kukata sauti za juu ambazo ndizo zinazobeba s, t na k. Ishikwe shingoni, vidole viwili kutoka mdomoni, na asipite mbele ya spika. Kwenye mikisa, yaani mtambo wa kuchanganyia sauti, besi iliyo chini ya hezi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde) ikatwe kwenye kila maikrofoni ya kuzungumzia. Sauti ya mtu haina kitu cha maana huko chini. Kuna mngurumo wa upepo na mishindo ya miguu jukwaani.

Tumefika kwenye besi, na hapa mkesha na baa ni ndugu. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, na ukuta wa matofali ya inchi sita hauna la kulifanya. Jirani hasikii mahubiri wala wimbo, anasikia dum, dum, na glasi kabatini zinajibu. Muumini anayesaini barua ya kufunga baa ya jirani huku sabufa (spika ya besi) ya kanisa lake ikinguruma hadi saa 10 alfajiri ni nyani asiyeona kundule. Tangu hapo akitaka kusema juu ya ulevi, kamari au nyimbo za matusi zinazopigwa kwenye matatu, nani atamsikiliza? Kitabu cha Mithali, sura ya 27 mstari wa 14, kinasema anayembariki rafiki yake kwa sauti kuu alfajiri na mapema atahesabiwa kuwa amemlaani. Sijasikia mstari huo ukihubiriwa kwenye mkesha. Saa 2 usiku ikifika sabufa izimwe kabisa, milango ya upande wa makazi ifungwe, na kinanda kibaki na spika za ndani.

Kupima kuna utaratibu wake. Programu ya simu hukupa makisio; usiende nayo mahakamani. Kipimo halisi kiwekwe kwenye A, yaani mpangilio unaopima sauti kama sikio linavyoisikia, kisimame kimo cha kifua, kwenye mpaka wa jirani, mbali na ukuta unaorudisha sauti. Pima kwanza mitambo ikiwa imezimwa, kwa dakika kadhaa, ndipo upime ikiwa imewashwa. Tofauti ikiwa chini ya desibeli 3, lori linalopita barabarani ndilo unalolipima.

Wazazi nao watazame watoto wa kwaya wanaoketishwa chini ya spika. Sikio linaloweza kuvumilia desibeli 85 kwa saa 8 huvumilia 100 kwa dakika 15 tu, na ibada ya kusifu ya saa nzima mbele ya spika hufika hapo bila shida. Uziwi wa namna hiyo hauponi.

Kiwango kikishakubaliwa na majirani, fundi aweke limita (kifaa kinachozuia sauti isipite kiwango), abandike utepe kwenye mikisa pale ambapo kitufe hakipaswi kuvuka, na ufunguo wa kabati la amplifaya akabidhiwe mtu asiyehubiri.

Fundi wa mitambo ya sauti,
Mombasa.