Harambee ya unga, kodi na bima kwa familia 20 za Mathare

Tumsifu Yesu Kristu.

Ndugu wapendwa, majirani, nanyi mliolelewa hapa Mathare mkahamia kwingine,

Mwezi uliopita tulimtembelea mama mmoja wa jumuiya yetu tukiwa na mhudumu wa afya wa mtaa. Mama huyo ana kifua kikuu. Dawa alipewa bure, azimeze kila siku kwa miezi 6. Tulizikuta juu ya kabati, hajazigusa siku 9. "Nikimeza bila kula, natapika," akatuambia. Sufuria zote zilikuwa zimefunikwa, kavu. Mhudumu akamzungushia mtoto mdogo ule utepe wa kupima mkono, ukaonyesha manjano, dalili ya utapiamlo. Dada wa mtoto huyo alikuwa ameacha shule ili afulie watu nguo. Kodi ya miezi 2 haijalipwa, na mwenye nyumba ameshasema atapiga kufuli.

Mama kama huyo aanzie wapi? Kituo cha afya kina foleni yake, ofisi ya chifu ina yake, shule nayo ina yake, na kila foleni inamla kibarua cha siku nzima. Tangu mafuriko ya Aprili 2024 yazoe nyumba za kando ya mto, familia za namna hii tumezijua kwa karibu mno. Tumeamua mhudumu wa afya, mwalimu na wanajumuiya wawili waende pamoja nyumba hadi nyumba kila Jumamosi, na daftari moja, wasimwulize mtu shida zake mara nne.

Tunaomba unga, ndengu na mafuta hadi mgonjwa amalize dawa. Tunaomba kodi kwa walio karibu kufungiwa. Tunaomba pia bima ya SHA, ile bima ya afya ya serikali: kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini asiye na mshahara hutakiwa kulipa ya mwaka mzima, yaani 3,600. Anayelipwa kwa siku ataitoa wapi kwa mkupuo? Kwa familia 20 ni shilingi 72,000, na hizo tunazitafuta kwanza.

Majina hayatasomwa kanisani. Kifua kikuu bado kinawaaibisha watu bure, nasi hatutaongeza aibu hiyo.

Harambee ni Jumapili ijayo baada ya misa ya pili. Pakiti moja ya unga inapokelewa. Aliye mbali atume kwa M-Pesa kupitia mweka hazina wa jumuiya yake. Hesabu yote itabandikwa mlangoni Jumapili inayofuata.

Mama ameanza tena dawa. Unga tuliomwachia utamtosha hadi Alhamisi tu.