Kwa Mwalimu wa Handeni, kuhusu mitamba

Usa River, Arusha

Mwalimu mwenzangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto wote. Sisi huku hatujambo, mvua zimenyesha na majani yapo ya kutosha.

Barua yako imenifurahisha sana. Kwamba umestaafu chaki ukanunua majike ya Boran, ng'ombe wa asili wavumilivu, na sasa unataka kuzalisha mitamba chotara ya kuuza, yaani majike wachanga wa damu mchanganyiko ambao hawajazaa, hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Mkoa wenu una wafugaji wadogo wengi wanaopeleka maziwa kiwanda cha Tanga Fresh, na mfugaji wa namna hiyo akipata mtamba wa kuaminika hachelewi kutoa hela.

Umeniuliza utumie mbegu ya dume gani. Nitafika huko, ila kwanza nakuomba jambo moja: hao Boran usiwamalize.

Nimeona wengi wakianza vizuri. Wanapandisha majike yote mbegu ya Friesian, ng'ombe wa maziwa wa kizungu, wanapata chotara nusu kwa nusu, wanyama wazuri ajabu, wenye maziwa ya kwa baba na uvumilivu wa kwa mama. Kwa furaha ile wanauza mama zao, zizi linabaki la chotara watupu. Hapo ndipo wanapokwama, kwa sababu chotara wa kwanza hawezi kukuzalia chotara wa kwanza. Ukimpandisha Friesian, ndama anakuwa robo tatu Friesian. Binti huyo naye ukimpandisha Friesian, unapata saba ya nane, na huyo anadai majani mengi, pumba, maji saa zote, kivuli na dawa ya kupe bila kukosa. Ukisema basi nitumie dume chotara, hesabu ya damu bado inasomeka nusu, lakini ile nguvu ya mchanganyiko wa kwanza inapungua, na ndama wanatoka kila mmoja na lake: huyu kamfuata bibi, yule babu. Utamwambia nini mnunuzi anayetaka mtamba kama yule uliyemuuzia jirani yake?

Kwa hiyo kila mwaka chagua majike wachache, wale bora kabisa, uwapandishe dume la Boran halisi. Mabinti zao ndio watakaoziba nafasi za mama wanaozeeka. Waliobaki wapate mbegu ya maziwa. Najua itauma kuona jike mzuri anazaa ndama usiyemuuza, lakini ndama huyo ndiye mtaji wako.

Na hesabu zako zipunguze kidogo. Umeandika majike kumi, mitamba kumi kwa mwaka. Jike akizaa kila baada ya miezi 15, kumi wanakupa ndama wanane kwa mwaka. Nusu ni madume. Toa wale wa kuziba nafasi, toa anayeweza kufa, unabaki na wawili au watatu wa kuuza. Ipo mbegu iliyochaguliwa kutoa majike, ila ni ghali na haishiki mimba kama ya kawaida. Mimi nawawekea wale wanaoshika kwa urahisi tu.

Sasa dume. Majike wenye maumbo makubwa wape Friesian, lakini mwambie mhimilishaji, yule mtaalamu wa kupandisha kwa mbegu, achague dume ambalo ndama zake huzaliwa wadogo. Kwa wale wenye maumbo madogo chukua Jersey, ng'ombe wa maziwa mwenye umbo dogo. Ndama wa Jersey ni mwepesi kutoka, na mtamba wake anakula kidogo, jambo ambalo mama mwenye ng'ombe mmoja uani analipenda sana. Mbegu za Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, NAIC, zinatoka hapa kwetu Usa River, ila wewe muulize mhimilishaji wa huko zipi alizonazo kwenye mtungi wake wa mbegu.

Kazi kubwa itakuwa kuliona joto lenyewe, yaani ule wakati jike anapotaka dume. Boran si kama ng'ombe wa kizungu anayepiga kelele kutwa. Joto lake ni fupi, mara nyingi linakuja usiku na kupita kimya. Zunguka na tochi kabla hakujapambazuka. Angalia nani anasimama akipandwa na wenzake, nani ana matope ubavuni na manyoya yaliyovurugika juu ya mkia, nani ana ute mwembamba unaovutika bila kukatika. Ukimwona asubuhi, apandishwe jioni ile ile. Ukimwona jioni, kesho yake asubuhi. Kisha hesabu siku 21 umwangalie tena.

Ndama akizaliwa, apate dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya saa chache za kwanza, hata kama ni kwa chupa. Handeni kupe mnao, kwa hiyo chanjo ya ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, usiifanyie ubahili. Mnunuzi akiona hereni ya chanjo sikioni anajua anachokilipia. Na mtamba asipandishwe kwa kutazama umri, mpime kwanza uzito kwa utepe wa kifuani. Chotara wako akifika kilo 250 na kitu, huyo yuko tayari.

Unapouza, mpe mtu nakala ya daftari: mama alikamua lita ngapi, baba ni dume gani, chanjo zipi, alipandishwa lini, na daktari alipima mimba lini. Jike aliyezaliwa pacha na dume usimuuze kuwa mtamba, karibu wote hawazai, huyo peleka nyama. Muulize mnunuzi anakaa wapi na ana majani gani. Wa Lushoto kwenye baridi, mwenye matete shambani, robo tatu atamweza. Wa Handeni au Korogwe mpe nusu kwa nusu, hata kama anakuonyesha pesa na kidole kiko kwa yule mweupe na mweusi. Mnyama akimfia ndani ya miezi sita, umemtia umaskini, na jina lako litafika mnadani kabla yako.

Nitumie vipimo vya kifua vya majike yote kumi, nikuandikie nani apate Friesian, nani Jersey, na nani abaki kwa dume la Boran. Fanya hivyo kabla mhimilishaji hajaja.

Msalimie shemeji, mwambie mama watoto anamkumbuka.

Ni mimi rafiki yako,
Mwalimu wa Usa